Mchezo wa Bao, na Namna ya Kumfundisha Mwenzio

Alasiri, jua linapopoa, katika miji ya pwani na katika visiwa vya Unguja na Pemba, huonekana wazee wameketi barazani wawili wawili, na kati yao pana ubao mzito wenye mashimo. Wachezaji hawasemi sana; wenye maneno ni watazamaji. Mkono mmoja huteka kete, hupita juu ya mashimo upesi kuliko jicho la mgeni, kisha hutulia. Mara watu wote hucheka, isipokuwa mtu mmoja. Mchezo huo ndio bao. Wanafunzi wengi wameuona, na wengine wamesimama karibu mpaka wakafukuzwa kwa ajili ya kelele zao. Lakini kutazama bao ni jambo moja, na kulicheza ni jambo jingine.

Bao si mchezo wa bahati. Mwenye kucheza karata aweza kupewa karata mbaya, na mwenye kutupa dadu hajui itaangukia upande gani. Hao wakishindwa husingizia bahati yao. Katika bao hakuna kitu kilichofichwa. Kete zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili, kila mmoja aona anachokiona mwenziwe, na aliye na hesabu ndefu zaidi ndiye ashindaye. Ndiyo sababu mtu akishindwa katika bao huumia kidogo zaidi kuliko katika michezo mingine, na ndiyo sababu vilevile hurudi kesho.

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, yaliyopangwa katika safu 4 za mashimo 8. Safu mbili zilizo karibu na mchezaji ni zake, na mbili za upande wa pili ni za mwenziwe. Basi kila mmoja ana safu ya mbele, inayotazamana na safu ya mbele ya mwenziwe, na safu ya nyuma iliyo karibu na magoti yake. Kete ni 64. Pwani desturi ni kutumia komwe, yaani mbegu za mkomwe, ambazo ni za rangi ya kijivu, ngumu, laini, nazo huteleza vizuri mkononi. Asiye na komwe aweza kutumia vijiwe au mbegu nyingine yo yote, maadamu ziwe za ukubwa mmoja. Tena asiye na ubao aweza kuchimba mashimo katika ardhi, na mchezo utakuwa ni uleule.

Majina ya mashimo yafaa kujulikana kabla ya kuanza. Shimo la mwisho la safu ya mbele, upande huu na upande huu, huitwa kichwa. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi. Kwa hiyo kimbi ni mashimo mawili ya kila upande. Katika safu ya mbele, shimo la tano kuhesabu tangu mkono wa kushoto wa mchezaji, mara nyingi huchongwa la pembe nne, wakati mengine yote ni ya mviringo. Hilo ndilo nyumba. Nyumba ni hazina ya mchezaji, na vita vingi vya bao ni vita vya kuilinda.

Mchezo wenyewe una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza huitwa kunamua. Kila mchezaji hutia kete 6 katika nyumba yake, na kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yaliyo mkono wa kulia wa nyumba. Hizo ni kete 10. Zilizosalia 22 huziweka kando kuwa akiba. Kisha kwa zamu kila mmoja hutwaa kete moja katika akiba yake na kuitia katika shimo lake mojawapo la mbele lenye kete. Ikiwa shimo linalotazamana nalo, yaani la mwenziwe, lina kete pia, hula: hutwaa kete zote za shimo lile la mwenziwe, akazigawa moja moja katika mashimo yake mwenyewe, akianzia kichwani. Aweza kuchagua kichwa cha kulia au cha kushoto, ila akila katika kimbi hana hiari. Hana budi kuanzia kichwa cha upande uleule.

Hapa ndipo utamu wa bao unapoanza, kwa maana zamu haiishi kwa kula mara moja. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo lenye kete, na shimo linalotazamana nalo lina kete, hula tena. Ikianguka katika shimo lenye kete, lakini mbele yake kwa mwenziwe ni tupu, huzoa kete zote za shimo lile, ile ya mwisho pamoja nazo, akaendelea kuzigawa kwa upande aliokuwa akielekea. Ikianguka katika shimo tupu, zamu imekwisha, husemwa amelala.

Mfano huu utafaa kufuatwa na mwanafunzi mwenye kete mkononi, kwani kwa kusoma tu hautaeleweka sana. Mashimo ya mbele ya mchezaji yahesabiwe tangu kushoto kwake, la 1 mpaka la 8. La 1 na la 2 ni matupu. La 3 lina kete 1. La 4 lina kete 2. La 5, ndilo nyumba, lina kete 6. La 6 na la 7 yana kete 2 kila moja. La 8 ni tupu. Upande wa mwenziwe, shimo linalotazamana na la 3 lina kete 4, na linalotazamana na la 4 lina kete 2, kwa kuwa nyumba ya mwenziwe imekwisha kuvunjika. Yanayotazamana na la 2 na la 5 ni matupu.

Mchezaji atia kete moja katika shimo la 3. Mbele yake pana kete 4, azila. Achagua kuanza kushoto: moja katika la 1, moja katika la 2, moja katika la 3, moja katika la 4. Ya mwisho imeangukia la 4, ambalo lilikuwa na kete, na mbele yake pana kete 2. Azila hizo nazo, na kwa kuwa hakula katika kimbi aendelea na upande wake uleule: moja katika la 1, moja katika la 2. Sasa la 2 lina kete 2, na mbele yake ni tupu. Azoa zote mbili, atia moja katika la 3 na moja katika la 4. La 4 sasa lina kete 4, lakini mbele yake hamna kitu tena, maana amekwisha kula. Azoa 4, agawa katika la 5, la 6, la 7 na la 8. La 8 lilikuwa tupu, amelala. Kwa kete moja tu aliyoitoa katika akiba, amekula 6.

Na kama angalianza kulia? Kete 4 zingaliangukia la 8, la 7, la 6 na nyumba. Kete ya mwisho ikiangukia nyumba ya mwenyewe, na mbele yake hamna cha kula, mwenye nyumba ana hiari: aweza kulala hapo, nyumba yake ikanenepa, au aweza kuisafirisha, yaani kuzoa kete zake zote na kwenda nazo. Angalilala, angalikuwa amekula 4 tu. Mwanafunzi atasema mara moja kwamba kushoto ni bora, maana 6 ni zaidi ya 4. Fundi hasemi upesi hivyo. Yeye hutazama kwanza ni mashimo gani yatakayobaki na kete nyingi mbele ya kete za mwenziwe, kwani kilicholiwa sasa chaweza kuliwa tena kabla mkono haujakauka jasho. Katika bao kete hazitoki ubaoni kamwe. Zinahama tu kutoka upande huu kwenda upande huu, na mwenye kete 40 sasa hivi aweza kuwa na 15 baada ya zamu moja ya mwenziwe.

Asiyeweza kula hana budi kutakata, yaani kutia kete na kuzigawa katika mashimo yake bila kula. Lakini mtu akiweza kula, ni lazima ale, hata kama kula huko kutamtia hasarani. Sheria hii ndiyo silaha ya mafundi. Humwekea mwenzao kete chache mahali ambapo hana budi kuzila, naye akiisha kuzila nyumba yake imekuwa wazi. Mchezaji mchanga hufurahi kula kila mara na hajui kwamba ameongozwa kama mbuzi kwa majani.

Akiba za wote wawili zikiisha, kipindi cha pili huanza, nacho ndicho mtaji. Sasa hakuna kete za kuongeza. Mchezaji huchagua shimo lake mojawapo, la mbele au la nyuma, lenye kete mbili au zaidi, akazigawa kuzunguka safu zake mbili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na kwa mwenziwe panatazamana kete, amekula, na mengine huendelea kama kwanza. Safu ya nyuma, ambayo katika kunamua ilionekana kama ghala tu, sasa ni chimbuko la mashambulizi. Hesabu yake ni ngumu zaidi, maana kete hutoka mbali na kupita pembeni kabla ya kufika.

Mshindi ni yule ambaye mwenziwe hana kete hata moja katika safu ya mbele; hapo husemwa, hamna. Hushinda pia ikiwa mwenziwe ana kete moja moja tu, hana la kufanya. Kushindwa wakati akiba bado haijaisha huitwa kufungwa mkononi, na watazamaji hawamsahaulishi mtu upesi aibu hiyo.

Watu wameucheza mchezo wa namna hii kwa muda mrefu sana katika Afrika. Katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na Nakuru katika Kenya, mashimo ya michezo hii yamechongwa juu ya mwamba, na hata leo wageni huyaona. Waganda huucheza omweso, Wanyarwanda igisoro, Wakikuyu giuthi, na Waashanti wa Ghana oware, ambao una mashimo 12 tu na kete 48. Hata rais wa kwanza wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alijulikana kwa kupenda bao. Tena wataalamu wa ng'ambo wamelichunguza: mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alitoa kitabu juu ya ujuzi wa mabingwa wa bao, baada ya kukaa nao Unguja. Jambo la kustaajabisha ni hili, kwamba mabingwa hao hawakufundishwa na kitabu cho chote. Kila mmoja alikaa kando ya mwingine.

Basi kwa kuwa bao halifundishwi na kitabu, hapana budi lifundishwe na rafiki, na rafiki wengi hulifundisha vibaya. Kosa la kwanza ni kumpa mwenzio bao zima siku ya kwanza, nyumba na kimbi na kutakata na mtaji vyote pamoja. Atatikisa kichwa kama aliyefahamu, kisha hatarudi. Wazee wana dawa ya jambo hili, nayo ni bao la kujifunza. Katika bao hilo kete 2 hutiwa katika kila shimo, katika mashimo yote 32. Hakuna akiba, wala nyumba haina heshima ya pekee. Mwanafunzi hujifunza kugawa, kula, kuendelea na kulala, basi. Mkono wake ukiisha kuzoea, ndipo aonyeshwe nyumba.

Kosa la pili ni haraka ya kushinda. Mwenye kufundisha akimfunga mgeni mara tano mfululizo, amefundisha jambo moja tu, ya kuwa yeye ni hodari, na hilo mgeni alikuwa amekwisha kulijua. Yafaa amwachie nafasi ya kurudisha kete aliyoitia vibaya, amwulize, "Mwenziwe akila hapa, utabaki na nini?" na kumngoja ahesabu kwa kidole. Tena si kila rafiki anafaa kualikwa katika bao. Aliyechoka na kazi, au asiye na muda, ni heri aalikwe katika drafti, ambayo kanuni zake hujifunzwa kwa saa moja. Watoto wadogo wafaa michezo ya safu mbili. Na mchezo wa kuwekeana fedha haufai kwa rafiki ye yote, kwani mtu akiisha kupoteza fedha hatazami tena kete, hutazama mkono wa mwenziwe.

Lakini lipo kosa la tatu, nalo ni gumu kulitambua, kwa sababu mwenye kulifanya hudhani anatetea haki. Yafaa lielezwe kwa habari ya vijana wawili.

Katika shule moja ya bweni upande wa Tanga walikuwako vijana wawili wa darasa la sita, vitanda vyao vimekaribiana. Mmoja alikuwa mwenyeji wa pwani, na babu yake alikuwa fundi wa bao. Wa pili alikuwa Mganda, ambaye baba yake alikuja pwani kwa kazi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizito. Walipendana kwa kuwa wote wawili walikuwa hodari wa hesabu. Siku moja ya Jumamosi mwenyeji akasema, "Ndugu yangu, mchezo wetu utakufaa wewe. Njoo nikufundishe bao." Mganda akautazama ule ubao, akacheka, akasema, "Naujua."

Mwenyeji hakusadiki, lakini alikumbuka mashauri ya babu yake. Akapanga kete 2 katika kila shimo, akampa mgeni wake aanze. Mganda akazoa kete za shimo moja, akagawa, ya mwisho ikaangukia safu ya mbele penye kete. Akanyosha mkono akatwaa kete 2 za mbele za mwenziwe. Kisha, pasipo kusita, akatwaa na 2 za nyuma yake.

"Zirudishe," akasema mwenyeji.

"Kwa nini? Nimekula."

"Umekula mbili. Hizo nyingine umeiba."

Neno hilo likaharibu kila kitu. Mganda akamwaga kete zote ubaoni, akaondoka. Usiku ule hawakusemezana, wala Jumapili wakati wa kwenda kanisani, wala Jumatatu darasani. Wenzao wakaanza kumtazama Mganda kwa jicho baya, maana habari ya wizi haikai mahali pamoja. Mmoja alipopoteza kalamu yake, watu walitazama kitanda cha yule kijana kabla ya kutafuta mahali pengine po pote.

Jumatano mwenyeji alipata ruhusa ya kwenda kumsalimu babu yake. Akamkuta barazani na ubao wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

Akamweleza habari yote, jinsi alivyomfundisha mwenziwe kwa upole, na jinsi yule alivyochukua kete za nyuma mchana kweupe. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alificha mkono wake?"

"Hapana, babu."

"Alizitia mfukoni?"

"Hapana. Alizigawa ubaoni."

"Mwizi gani huyo aibaye mbele ya macho yako, kisha akaweka alichoiba mezani pako? Ulimwuliza kwao wanakulaje?"

Kijana akanyamaza. Hakumwuliza.

"Kesho mlete kwangu," akasema mzee.

Kumleta hakukuwa rahisi. Mganda alikataa mara mbili, na mara ya tatu alikubali kwa sababu ya heshima ya mzee tu. Mwenyeji aliomba radhi njiani, lakini kwa sauti ndogo, na mwenziwe akajifanya hakusikia. Walipofika, wakaamkia. Mzee akampa mgeni kigoda, akamsogezea ubao, akasema, "Nimesikia kwenu kuna mchezo wa mashimo kama haya. Nionyeshe, mjukuu wangu. Mimi ni mzee, nenda polepole."

Kijana akahesabu mashimo: safu 4, za 8. Akahesabu kete: 64. Akasema, "Huu ni ubao wa omweso." Akaeleza kwa Kiswahili chake kizito, na penye kukosa neno akaonyesha kwa kidole. Kwao kila mchezaji hupewa kete 32, akazipanga mwenyewe apendavyo katika mashimo yake. Hakuna akiba, wala hakuna nyumba. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na kwa mwenzio mashimo yote mawili yaliyo sawa nalo, la mbele na la nyuma, yana kete, mtu hula yote mawili. Shimo moja likiwa tupu, hali kitu. Tena kete alizokula hazianzii kichwani; huzigawa kuanzia palepale alipoanzia mzunguko ule.

Mzee akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia? Ulimpa bao, naye alicheza omweso. Ubao mmoja, sheria mbili." Kisha akamwambia Mganda, "Nawe ulisema unaujua mchezo kabla hujauliza. Haya, chezeni kwa sheria ya mgeni."

Wakapanga. Mwenyeji alipanga kete zake karibu sawa sawa, kama mtu anayegawa chakula cha watoto. Mganda alichukua muda, akayajaza mashimo fulani na kuyaacha mengine matupu, na mwenyeji alipouliza sababu akajibiwa, "Penye tupu huwezi kula." Hapo ndipo alipotambua kwamba nusu ya mchezo ilikuwa imekwisha kuchezwa kabla kete haijasogezwa. Kwa zamu ya nne alipoteza mashimo manne kwa mkupuo, ya mbele na ya nyuma, naye akabaki akitazama upande wake kama aliyeamka usingizini. Hakudumu sana baada ya hapo. Alisalia na kete moja moja, hana la kufanya.

"Hamna," akasema mzee kwa bao la kwao, ingawa omweso hauna neno hilo.

Mjukuu akacheka kwanza, kisha Mganda. Wakati wa kurudi shuleni ulikuwa umekaribia, na kengele ya sala ya jioni haimngoji mtu; lakini mwenyeji aliomba wapange mara moja zaidi, safari hii kwa bao, na akamweleza mwenziwe tangu mwanzo kwamba pwani huliwa shimo la mbele peke yake, na kwamba la nyuma halina hofu. Mganda alitazama safu yake ya nyuma kwa mshangao, akasema, "Basi hapa naweza kuficha kete." Mzee akaguna, maana kuna watu waliocheza bao mwaka mzima bila kulitambua jambo hilo.

Walipoaga, mzee aliubakiza ubao mbele yake, wala hakuzikusanya kete. Akamwambia yule Mganda, "Jumamosi njoo tena, mjukuu wangu. Ile namna ya kupanga kete mwanzoni, sikuifahamu vizuri. Utanionyesha."

Njiani wale vijana walibishana mpaka mlango wa bweni, kama nyumba ya bao ni bora au hiari ya kupanga ya omweso ni bora. Na siku ya pili yake, kabla ya kengele ya kwanza, mwenyeji alisimama mbele ya wenzake bwenini akawaambia kwamba neno alilolisema Jumamosi lilikuwa la uongo, kwa sababu hakuujua mchezo. Ile kalamu ilikuwa imekwisha kuonekana tangu Jumanne, chini ya godoro la mwenyewe.